Mmetengana? Msitie saini fomu moja ya kodi

Nautanguliza msimamo wangu ili asiye na muda wa kusoma hadi mwisho aondoke nao: mume na mke walioko Marekani, waliotengana lakini mahakama haijavunja ndoa yao, wasijaze fomu moja ya kodi ya mapato. Kila mmoja ajaze yake, hata kama kwa kufanya hivyo watapoteza dola mia kadhaa. Najua nitagombana na watu kwa neno hili. Kila msimu nagombana nao.

Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za kodi hapa Houston, Texas, upande wa kusini-magharibi wa jiji, ambako Waafrika tumejazana kiasi kwamba unaweza kumaliza wiki nzima ukisalimiana kwa Kiswahili tu. IRS, ile mamlaka ya kodi ya serikali kuu, huanza kupokea fomu mwishoni mwa Januari, na mwisho wa kufaili, yaani kuwasilisha fomu, ni 15 Aprili. Katika miezi hiyo napata habari za ndoa za watu kabla sheikh au mchungaji hajazipata. Mtu huja na W-2 yake mkononi, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi iliyokatwa, namuuliza swali la kwanza la fomu, umeoa au hujaoa, naye ananyamaza. Kisha anasema, "Dada, hapo sijui nikwambieje."

Basi tuanze hapo, kwenye kutojua. Kodi ya Marekani haikuulizi mwaka uliupitishaje. Inauliza hali yako ilikuwaje usiku wa 31 Desemba. Kama siku hiyo hakimu alikuwa bado hajatia saini hukumu ya talaka, wewe ni mwanandoa kwa mwaka mzima. Haijalishi ulihama Februari, wala haijalishi kwamba shemeji zako walikwishakuja kuchukua vyombo. Kinyume chake nacho ni kweli: talaka ikitoka 30 Desemba, mwaka mzima unahesabiwa kuwa huna mwenza.

Hapa ndipo ndugu zangu Waislamu wanapoteleza sana. Mume ametoa talaka, mashahidi wapo, eda imekwisha, na mke anajijua kuwa ni huru mbele ya Mungu wake. Sawa kabisa. Ila IRS hufuata sheria ya jimbo, na Texas haiitambui talaka iliyoandikwa kwenye WhatsApp. Wala hili si ubaguzi wa Wamarekani. Nyumbani Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanandoa wapite Baraza la Usuluhishi kwanza, na talaka ya Kiislamu nayo hupelekwa mahakamani ili itolewe amri. Wengi wetu hatukufika huko kwa sababu hakuna aliyetudai karatasi. Huku karatasi inadaiwa.

Mwanandoa ana njia mbili za kufaili: pamoja na mwenzake, au kila mtu peke yake. Njia ya pamoja ndiyo inayopendwa, na watu wana sababu. Kwa mwaka wa kodi 2025, kiasi cha mapato kisichotozwa kodi kilikuwa dola 31,500 kwa wanaofaili pamoja, na 15,750 kwa anayefaili peke yake. Tena anayefaili peke yake hufungiwa baadhi ya nafuu, kama vile nafuu ya masomo ya chuo, na mara nyingi ile ya malipo ya kulea mtoto wakati mzazi yuko kazini. Kwa hiyo wazee wakikaa kikao husema: "Kaeni chini, mfaili pamoja mara hii ya mwisho, mgawane rifandi (kodi inayorudishwa), halafu kila mtu ashike njia yake." Kauli hiyo inaonekana ya busara na ya amani, nami naiona ndiyo ushauri mbaya kuliko wote wanaopewa wanandoa wetu.

Ni mbaya kwa sababu fomu ya pamoja inazaa deni la pamoja. Kila aliyetia saini anadaiwa kodi yote, pamoja na riba na faini zake, si nusu. IRS ina hiari ya kumfuata yeyote kati ya wawili hao, na kwa kawaida itampata kwanza yule aliye rahisi kupatikana: mwenye ajira, mwenye mshahara unaopita benki, mwenye anwani isiyobadilikabadilika. Na deni hilo halifi ndoa ikifa.

Nieleze kwa sura ninayoiona mara nyingi mezani kwangu. Mke ni muuguzi msaidizi kwenye makao ya wazee, kodi yake imekatwa tangu kwa mwajiri, hadaiwi kitu. Mume ana lori lake, anabebea kampuni mizigo kwa mkataba, kwa hiyo hakatwi chochote. Yeye mwenyewe ndiye anayetakiwa kulipa kodi kila robo mwaka, na juu ya kodi ya mapato kuna ile ya kujiajiri, asilimia 15.3. Robo ya kwanza hakulipa kwa sababu injini ilikufa, ya pili alipeleka hela kumalizia nyumba Bunju, Dar es Salaam. Mwisho wa mwaka anakwenda kwa mtayarishaji anayejulikana kwa "kuleta rifandi kubwa", ambaye anamwandikia dizeli, matengenezo na posho za safari kwa viwango ambavyo hakuna risiti inayovithibitisha. Fomu ni ya pamoja. Mke anatumiwa kiungo kwenye simu akiwa zamu ya usiku, anatia saini kwa kidole, anarudi kumgeuza mgonjwa.

Alichotia saini ni fomu namba 8879, karatasi inayomruhusu mtayarishaji kuituma fomu ya kodi kwa kompyuta. Hiyo inaitosha IRS. Saini yake inasema kwamba ameipitia fomu yote na kwamba ni kweli kadiri anavyojua.

Kwa kawaida IRS ina miaka mitatu ya kurudi na kukagua. Katika miaka hiyo wawili hawa wanatengana, wanakwenda mahakamani, wanaachana. Hakimu wa familia anaandika kwenye hukumu kwamba deni lolote la kodi la miaka ya nyuma ni la mume. Mke anatoka mahakamani amepumua. Kisha ukaguzi unakuja, gharama za lori zinakataliwa, deni linaibuka na faini ya asilimia 20 juu yake, barua zinapelekwa kwenye ile nyumba ya zamani ambayo hakuna anayeishi tena. Yeye anagundua siku rifandi yake mwenyewe, ya fomu yake mwenyewe, inapozuiwa kulipia deni. Anakuja ameshika hukumu ya hakimu, ananionyesha mstari. Namwambia kwamba mstari huo unamfunga mumewe wa zamani, hauifungi IRS, kwa kuwa IRS haikuwa upande wowote katika kesi ile. Anaweza kulipa kisha akamshtaki bwana kwa hukumu hiyohiyo. Bwana kwa wakati huo yuko Dar, simu haipokelewi.

Sheria ina mlango wa huruma. Bunge la Marekani liliufungua mwaka 1971 na kuupanua mwaka 1998: mwenza asiyejua udanganyifu anaweza kuomba aondolewe deni kwa fomu namba 8857. Nimewasaidia watu kuijaza, na simkatishi tamaa yeyote anayeihitaji. Lakini msikilize masharti. Uonyeshe kwamba hukujua, na pia kwamba hukuwa na sababu ya kujua. Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, fedha za nyumba ya Bunju zilipita kwenye akaunti yenye majina mawili, hapo utajieleza. Kwa aina kuu za nafuu hiyo una miaka miwili tangu IRS ilipoanza kukudai wewe. Na kuna jambo linalowatisha kinamama waliokimbia kipigo: IRS lazima imwarifu yule mwenza mwingine kwamba umeomba. Haitampa anwani yako mpya, ila atajua umeomba. Aliyetia saini kwa kutishwa ana hoja nyingine kabisa, kwamba fomu ile haikuwa ya pamoja hata kidogo, na huyo simwachi ajaze mwenyewe; namtafutia mwanasheria.

Kwa nini basi mtu aingie kwenye nyumba inayoungua kwa kutegemea kuwa kuna ngazi ya kutokea dirishani?

Naendelea na hoja inayonifanya niwe mkaidi kiasi hiki, na ambayo sijaisikia ikitajwa kwenye kikao chochote cha wazee. Mkifaili kila mtu peke yake, sheria inawapa miaka mitatu ya kubadili na kuunganisha fomu zenu kuwa ya pamoja. Mkifaili pamoja, tarehe ya mwisho ikishapita, hamwezi tena kuzitenganisha. Njia moja ina mlango wa kurudi, nyingine haina. Watu wawili ambao hata funguo za gari hawaaminiani wanaichaguaje ile isiyo na mlango?

Wanaume husema nawatetea wanawake. La. Nimekuwa na mteja wa kiume, dereva wa basi la shule, aliyebebeshwa deni la mkewe aliyekuwa akiuza nywele na vitenge mtandaoni bila kuandika hata senti. Deni halina jinsia. Linamfuata mwenye mshahara.

Sasa niwape upande mgumu, maana ningekuwa mwongo kama ningesema kufaili peke yako ni mteremko. Hapa Texas si mteremko. Texas ni miongoni mwa majimbo tisa ambamo mapato ya mume na mke wakati wa ndoa huhesabiwa kuwa ya wote wawili, nusu kwa nusu. Sheria hiyo jimbo liliirithi kwa Wahispania kupitia Mexico. California, Washington na Arizona nayo yamo kwenye kundi hilo. Minnesota, Ohio na Maryland, ambako wenzetu wengi wanaishi, hayamo. Na Texas haina utaratibu wa mahakama wa kutenganisha wanandoa bila kuwaachanisha. Ama mmeoana, ama mmeachana. Ukishafungua kesi ya talaka, kwa kawaida unasubiri angalau siku 60 kabla hakimu hajaweza kuitoa, na kesi yenye watoto na nyumba hukaa zaidi ya hapo.

Maana yake kwa fomu ni hii. Chukua mke aliyepata dola 48,000 na mume ambaye faida ya lori lake ni dola 80,000. Wametengana Agosti. Wakifaili kila mtu peke yake, mke haandiki 48,000 zake. Anajumlisha za wote, anagawa kwa mbili, anaandika 64,000. Mume naye 64,000. Kodi iliyokatwa kwenye mshahara wa mke nayo inagawanywa nusu. Hesabu hizo huwekwa kwenye fomu namba 8958. Mke atakasirika, na nimewaona wakikasirika: "Yaani nilipie kodi hela ambayo sijaiona?" Ndiyo, kwa nusu ya kodi ya mapato, ile ya kujiajiri inabaki kwa mume. Lakini angalia tofauti. Anadaiwa kwa fomu yake tu, kwa hesabu alizoziandika yeye. Uwongo ambao mume ataandika kwenye fomu yake, saini ya mke haimo.

Tena mgawanyo huo unaiua hoja kubwa ya wazee. Mipaka ya ngazi za kodi kwa mwanandoa anayefaili peke yake ni nusu ya ile ya wanaofaili pamoja, na kiasi kisichotozwa nacho ni nusu kamili. Texas ikishagawa mapato katikati, faida ya kufaili pamoja kwa upande wa viwango inakaribia kuyeyuka yote. Kinachopotea ni zile nafuu nilizozitaja, pamoja na malipo yangu ya kujaza fomu mbili badala ya moja. Hizo ndizo dola mia kadhaa nilizozisema, kwa familia nyingi ninazozihudumia. Zipo familia ambazo hasara ni kubwa zaidi, hasa zenye mwanafunzi wa chuo au zinazosaidiwa kulipia bima ya afya inayonunuliwa kwenye soko la serikali. Hizo zikae na kalamu zipige hesabu kabla ya kuamua, lakini zipige hesabu ya deni pia.

Kuna afueni kwa waliotengana mapema. Kama hamkuishi pamoja mwaka mzima, tangu Januari mosi, hamkufaili pamoja, na hamkupeana mapato ya kazi zenu, kila mtu anaandika mshahara wake tu, hata Texas. Ndiyo maana nawauliza watu tarehe ya kuhama kama polisi.

Tarehe ina kazi nyingine. Mwenye mtoto ambaye mwenzake hakuishi ndani ya nyumba ile katika miezi sita ya mwisho ya mwaka, na aliyelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, anaweza kufaili kama mkuu wa kaya ingawa talaka bado. Kwa mwaka wa kodi 2025 kiasi chake kisichotozwa kilikuwa dola 23,625 badala ya 15,750, na nafuu kadhaa alizofungiwa zinafunguka. Kwa hiyo aliyeondoka 28 Juni na aliyeondoka Julai katikati wana fomu tofauti kabisa. Na mabwana, kulala sebuleni si kuhama. Mnaoishi nyumba moja vyumba tofauti kwa sababu kodi ya pango ni ghali, mnahesabiwa mnaishi pamoja.

Kuhusu watoto sitasema mengi, maana kila mtu anajua vituko vya Januari, baba na mama wakishindana nani atume fomu kwanza ili "amchukue mtoto". Wa pili fomu yake ya kompyuta mara nyingi hukataliwa. Anayeshinda mbio hajashinda mtoto. IRS huhesabu usiku: mtoto alilala kwa nani usiku mwingi zaidi katika mwaka. Ushahidi ni barua ya shule, ya kliniki, ya mwenye nyumba. Mzazi mwenye usiku mwingi akitaka kumpa mwenzake haki ya kumdai mtoto, anasaini fomu namba 8332, na hilo ni jambo zuri la kukubaliana kikaoni. Na pesa za matunzo ya mtoto hazimpunguzii kodi anayelipa wala hazimwongezei anayepokea. Matunzo ya mke nayo, kwa talaka zilizotolewa baada ya mwaka 2018, ni hivyohivyo. Bado nakutana na wanaume walioambiwa na marafiki kwamba "utayakata kwenye taksi". Hayakatwi.

Narudi kwa wazee, kwa sababu kwao ndiko ninakotaka maneno haya yafike. Vikao vyetu vya usuluhishi huku ughaibuni vina uwezo ambao mahakama haina. Mume atakayemdharau hakimu hatamdharau mjomba aliyempokea uwanja wa ndege. Nimehudhuria vikao hivyo. Kinajadiliwa kiwanja, inajadiliwa Toyota, yanajadiliwa mahari yaliyobaki na nani atasomesha mdogo wa nani. Saa nne zinapita. Kodi haitajwi, au inatajwa kwa lile neno la "mfaili pamoja mara ya mwisho". Nawaomba mlifute neno hilo. Badala yake waambieni wawili hao wapeane, siku hiyohiyo na mbele yenu, nakala za W-2 na za fomu za 1099, zile za mapato yasiyo ya mshahara, na mwenye biashara aonyeshe mapato na matumizi yake, maana hapa Texas kila mmoja atazihitaji hesabu za mwenzake hata wakifaili kila mtu kivyake. Waulizeni kama kuna miaka ambayo haikufailiwa. Ipo mara nyingi kuliko mnavyodhani. Na shangazi mlioko Tanga na Moshi, mnaompigia mtoto wa watu simu usiku mkimwambia atie saini ili asionekane mkorofi, jueni kwamba mkimaliza kuzungumza, deni linabaki na yeye.

Kwa wewe uliye katikati ya mvutano huo sasa hivi: peleka fomu namba 8822 ili IRS iwe na anwani yako mpya, na omba nakala za rekodi za miaka mliyofaili pamoja, una haki nazo kama mwenzako. Kama 15 Aprili inakaribia na bado hujapata karatasi zake, fomu namba 4868 itakupa hadi 15 Oktoba ya kujaza, ila kodi yenyewe ilipe Aprili kwa makadirio. Na akikuharakisha utie saini leo, mwambie unafaili peke yako. Mkielewana baadaye, mna miaka mitatu ya kuziunganisha.